Maswali ya Wasomaji: Ndege Ndogo kwa Safari za Mikoani, Zinalipa?

Barua nyingi zilizotufikia kwa toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, Air Tanzania iongeze ndege ndogo kuliko zilizopo kwenye safari za ndani na za nchi jirani? Tuweke picha kwanza. Tangu Septemba 2016, zilipotua Dash 8-400 mbili za mwanzo, ndege hiyo ya panga boi yenye viti 76 ndiyo imekuwa ikibeba safari nyingi za mikoani. Juu yake ipo Airbus A220-300 ya viti 132, kisha Boeing. Chini yake shirika limebaki na Dash 8-300 moja ya viti 50. Precision Air wao wanatumia ATR 72 na ATR 42. Chini kabisa zipo Cessna Caravan za kampuni binafsi, zinazokwenda Mafia, Serengeti na kwenye viwanja vya changarawe ambako ndege kubwa haiwezi kugusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mkoani kwetu ndege ya viti 76 huja siku chache kwa wiki, na siku nyingine unaiona inashusha watu 25 tu. Kwa nini isiletwe ya viti 50 ikaja kila siku? *Mfanyabiashara, Nyanda za Juu Kusini*

JIBU: Ndugu yetu, kila ndege ina bei mbili, na mabishano mengi hutokea kwa sababu mmoja anataja hii na mwenzake anataja ile. Ya kwanza ni gharama ya kuirusha kutoka kiwanja hadi kiwanja, iwe imejaa au ina abiria mmoja. Ya pili ni gharama hiyohiyo ukiigawa kwa viti. Ndege kubwa kwa kawaida hushinda kwenye bei ya kiti, na ndogo hushinda kwenye bei ya safari.

Chukua Dar es Salaam hadi Iringa, kama kilomita 390. Tuhesabu mafuta peke yake, kwa makadirio ya namba za mviringo. Dash 8-400 itakula kama kilo 1,000 tangu inawasha injini hadi inazima, ATR 42 ya viti 48 kama kilo 600, na Caravan ya viti 12 kama kilo 210. Mafuta ya ndege hupimwa kwa kilo, na lita moja ni takriban kilo 0.8. Ukigawa kwa viti unapata kilo 13 kwa Dash 8-400, kilo 12.5 kwa ATR 42, na kilo 17.5 kwa Caravan. Hapo Caravan inaonekana ghali, na hizo mbili zinakaribiana.

Sasa ingiza watu. Wakiwa 30, Dash 8-400 inatumia kilo 33 kwa kila abiria na ATR 42 kilo 20. Caravan itabidi iende mara tatu, na itafika kilo 21, lakini kwa marubani sita na ndege tatu, au ndege moja inayokwenda na kurudi hadi jua linazama. Wakiwa 60, Dash 8-400 inawabeba mara moja kwa kilo 17 kila mmoja, ilhali ATR 42 inakwenda mara mbili na kurudi kwenye kilo 20, pamoja na kutua mara mbili na kulipa tozo mara mbili. Kwa mafuta, basi, ndege ya viti 48 inashinda hadi kiti cha mwisho kijae. Akija abiria wa 49 hesabu inageuka.

Gharama nyingine hazifuati ukubwa wa ndege kwa usawa. Marubani ni wawili kwenye ATR 42 na wawili kwenye Dash 8-400, na mishahara yao haitofautiani sana. Wahudumu, kwa kanuni ya nchi nyingi, ni mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake, kwa hiyo ndege ya viti 48 inaondoka na mmoja na ya viti 76 na wawili. Tozo za kutua na za kuongozwa angani hukokotolewa kwa uzito: ATR 42 mpya ina tani 18.6 inaporuka, Dash 8-400 inakaribia tani 30. Halafu kuna kodi ya ndege yenyewe. Ndege za Air Tanzania zimekuwa zikikodishwa kwa shirika na Wakala wa Ndege za Serikali, na kodi ya ndege hudaiwa hata siku ambayo ndege imelala.

Kwa hiyo usihesabu watu walioshuka Jumanne moja. Tafuta wastani wa abiria kwa kila safari, mwaka mzima, kwenye njia hiyo. Wastani ukiwa chini ya 35 na hauonyeshi dalili ya kupanda, ndege ya viti 50 ina haki yake. Ukipita 40, iache Dash 8-400 ilipo, maana wastani wa 40 kwenye viti 48 ni sawa na kuwaacha watu kila Ijumaa, kila Jumatatu na Desemba yote. Wastani huficha vilele.

Jambo la kila siku ulilotaja ndilo lenye uzito kuliko yote, na sisi tunaona ndiyo sababu pekee ya kutosha ya kununua ndege ndogo. Mtu anayekwenda Dar kufuata mzigo Jumatatu asubuhi, ambaye ndege ya kurudi ni Alhamisi, analala gesti usiku tatu. Akijumlisha nauli, malazi na chakula, anaona heri basi la usiku. Ndege ikiwepo kila siku, huyo anarudi, na wengine kama yeye ambao hawakuwa kwenye hesabu yoyote wanaanza kuonekana. Ila sharti liwe hilohilo: viti vilivyopunguzwa kwa safari virudishwe kwa kuongeza safari. Kuleta ndege ya viti 48 na kuiweka kwenye siku zilezile tatu za wiki ni kupunguza hasara ya shirika kidogo na kumwacha abiria palepale.

SWALI: Kama ni viti 50, kwa nini wasitafute Dash 8-300 nyingine, maana marubani wa Dash 8 tunao tayari? *Mwanafunzi wa uhandisi wa ndege, Dar es Salaam*

JIBU: Kwa upande wa marubani una hoja nzuri. Dash 8-300 na Dash 8-400 ni za familia moja, na rubani wa moja anahitaji mafunzo ya tofauti tu ili arushe nyingine. Haanzi ndege mpya kabisa. Tatizo liko kwenye karakana. Dash 8-400 inatumia injini ya PW150A yenye nguvu ya farasi zaidi ya 5,000, na Dash 8-300 inatumia PW123 ambayo ni injini nyingine kabisa. Panga boi ni tofauti, vipuri vingi ni tofauti, na injini ya akiba uliyoweka kwa ajili ya moja haifai nyingine. Isitoshe, Dash 8-300 iliacha kuundwa mwaka 2009. Utakayoipata ni ya mkono wa pili, na miaka inavyokwenda baadhi ya vipuri vinapatikana tu kutoka kwenye ndege zilizofumuliwa.

ATR 42-600 bado inaundwa, na undugu wake na ATR 72-600 ni wa kweli: injini za ukoo mmoja wa PW127, chumba cha rubani kilekile, na leseni ya rubani moja. Ndiyo maana kampuni yenye ATR 72 hupata ATR 42 kwa gharama ndogo, na kampuni yenye Dash 8-400 huipata kwa gharama kubwa. Air Tanzania ikichukua ATR 42 itakuwa imeleta ukoo mpya: marubani wapya au wa kufundishwa upya, mafundi wenye leseni ya aina hiyo, vitabu, vifaa maalumu na rafu nzima ya vipuri.

Kuna jambo la kasi pia, na hapa watu huzidisha chumvi. Dash 8-400 hukimbia kilomita 667 kwa saa na ATR kama 510. Kwa Iringa tofauti haifiki robo saa. Kwa Mpanda, kilomita kama 900, inakuwa dakika 25 hivi. Kwenye njia fupi kasi ya Dash 8-400 inachoma mafuta kwa faida ambayo abiria haioni. Kwenye njia ndefu inaweza kumpa shirika safari moja zaidi kabla ya giza. Hilo la giza si dogo, maana viwanja kadhaa vya mikoani havina taa, na ndege isiyotua kabla ya magharibi hailali huko inakotakiwa.

SWALI: Nilikata tiketi ya ndege ndogo ya viti 12. Tulipofika kiwanjani tukaambiwa watakwenda 9 tu na mabegi magumu hayapakiwi. Viti vitatu vikaruka vitupu huku watu wamebaki chini. Huu si uonevu? *Mama wa watoto watatu, Morogoro*

JIBU: Pole sana, dada yetu. Kuuza viti 12 na kumwambia mtu kiwanjani kwamba ni 9 ni kosa la kampuni, kwa sababu hesabu hiyo hujulikana kabla ya tiketi kuuzwa. Lakini uamuzi wa rubani ulikuwa sahihi, na tutakuonyesha kwa namba.

Grand Caravan EX hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 3,995. Ikiwa tupu, pamoja na viti na lile sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo, tuseme ina kilo 2,450. Zinabaki 1,545. Marubani wawili na mikoba yao, kilo 180: zinabaki 1,365. Safari ya saa moja na nusu inataka mafuta kilo 255, akiba ya dakika 45 kilo 130, na ya kwenda kiwanja cha pili kama cha kwanza kimefungwa na mvua kilo 85. Jumla ya mafuta ni 470, na sasa zinabaki 895. Abiria mmoja na begi lake, kwa kadirio la kilo 90, wanaingia 9. Wa kumi anapitiliza kwa kilo 5, na hakuna rubani makini atakayesema kilo 5 si kitu. Mafuta yakiwezekana kujazwa kule uendako, safari ikawa fupi, au akiruka rubani mmoja pale sheria inaporuhusu, idadi inapanda.

Ndiyo sababu ya kikomo cha kilo 15 za mzigo na sharti la begi laini: kila kilo inahesabiwa, na sanduku lile la chini lina milango mifupi, begi gumu haliingii wala halikunjiki.

Joto na mwinuko huongeza ugumu. Uwanja wa Iringa uko mita 1,426 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa ya hapo ni nyepesi kama ya mita 2,200 na zaidi siku ya kawaida. Panga boi linashika hewa kidogo, bawa linanyanyua kidogo, na injini inapumua kwa shida. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi na inapanda polepole. Ndiyo maana ndege ileile hubeba wengi saa 1 asubuhi na wachache saa 8 mchana. Ukiwa na hiari, kata ya asubuhi.

SWALI: Je, wanunue moja kwanza waijaribu? *Mhasibu mstaafu, Tabora*

JIBU: Hapana, na hapa hatuna shaka hata kidogo. Ndege moja ya aina yake ni mzigo mkubwa kuliko kutokuwa nayo.

Tuchukulie kila ndege inakuwa nzima siku 90 kati ya 100, na siku 10 iko kwenye matengenezo au inasubiri kipuri. Ukiwa na moja, mwaka una siku 36 ambazo huna ndege kabisa, na kila siku hiyo unaazima Dash 8-400 kutoka njia nyingine, ukivuruga na ile. Ukiwa na tatu na ratiba ikatumia mbili tu, siku ambazo mbili au zaidi zitakuwa chini kwa pamoja ni kama 10 kwa mwaka, na hata hizo kwa kawaida unabaki na moja inayoruka. Gharama za mwanzo nazo ni zilezile: vitabu, vifaa, injini ya akiba na mafundi unaowahitaji kwa ndege moja ni karibu sawa na unaowahitaji kwa tatu. Kila ndege inayofanya kazi kutwa inataka marubani 8 hadi 10 kwa sababu ya kikomo cha saa za kuruka, likizo, ugonjwa na mitihani ya mara mbili kwa mwaka kwenye mashine ya kuigiza safari. Ukiwa na ndege moja, wawili wakijiuzulu mwezi mmoja umesimama.

Maoni yetu kwa Air Tanzania ni haya. Kama njia zenye wastani chini ya 35 zinatosha kuzishughulisha ndege mbili kutwa nzima, walete tatu za aina moja. Kama hazitoshi, wasilete hata moja. Badala yake waingie mkataba na kampuni zenye Caravan na ATR, ili msafiri akate tiketi moja tu, begi lake lipokelewe mara moja, na akichelewa kuunganisha ajue nani anamlipia malazi. Kinachomtesa msafiri leo ni kununua tiketi mbili zisizojuana.

SWALI: Huku Kenya, Jambojet ilianza na Boeing 737 mwaka 2014, baadaye ikageukia Dash 8-400. Kwa nini kurudi kwenye panga boi? Na je, jeti ndogo hazifai? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Nairobi–Mombasa inajaza jeti, lakini Ukunda, Malindi na Lamu hazikuwahi kuwa viwanja vya 737. Kwa Dash 8-400 ya viti 78 kampuni inaweza kutumia ndege ileile asubuhi Mombasa, mchana Malindi, jioni Ukunda, kwa aina moja ya marubani na ghala moja la vipuri. Huo ni uamuzi tunaouheshimu.

Jeti ndogo zinafaa njia ndefu. Uganda Airlines ilianza mwaka 2019 na CRJ900 za viti 76, na kutoka Entebbe kwenda miji ya mbali kanda hii zinaokoa muda mwingi. Kwa kilomita 400 jeti inatumia sehemu kubwa ya safari kupanda na kushuka, pale inapokula mafuta zaidi, na haitaki changarawe wala njia fupi. CRJ nayo imeacha kuundwa, kwa hiyo suala la vipuri lile la Dash 8-300 linawangoja nao.

SWALI: Ndege ya injini moja ni salama kupanda na familia? *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Injini ya Caravan ni PT6A, ambayo ina sifa ndefu ya uimara. Kwenye toleo la PT6A-114A mtengenezaji anataka sehemu ya moto, yaani pale mafuta yanapochomwa, ikaguliwe kila saa 1,800 na injini ifanyiwe ukarabati mkubwa kila saa 3,600. Kinachotuhangaisha zaidi ya injini ni hali ya hewa: ndege hii haina mgandamizo wa hewa ndani, kwa hiyo haiwezi kukaa juu ya mawingu mazito kama Dash 8 inavyoweza, inapita kati yake au inayazunguka. Ikiahirishwa kwa sababu ya mvua, usimshinikize rubani.

SWALI: Kampuni yetu ndogo inataka kununua ndege ya viti 50 ya mkono wa pili. Tuangalie nini kabla ya kulipa? *Meneja, Mwanza*

JIBU: Angalieni karatasi kabla ya rangi. Injini, panga boi na miguu ya ndege vina sehemu zenye umri wa kisheria, zinazohesabiwa kwa idadi ya mizunguko ya kuruka na kutua. Kila sehemu hiyo lazima iwe na historia tangu ilipotoka kiwandani: ilifungwa ndege gani, ikatolewa lini, ikiwa na mizunguko mingapi. Historia ikikatika katikati, sehemu hiyo inahesabiwa imekwisha hata kama inang'aa. Ndege nyingi za bei ya kuvutia zina pengo hapo, na pengo moja kwenye injini laweza kuzidi punguzo lote mlilopewa.

Kisha pigeni hesabu ya kilichobaki, maana njia fupi humaliza mizunguko haraka kuliko saa. Ndege inayofanya safari 8 za dakika 45 kwa siku inatumia saa 6 na mizunguko 8. Ya njia ndefu ingetumia mizunguko 3 kwa saa hizohizo. Ulizeni ukarabati wa miguu unadaiwa lini, wa panga boi lini, na ukaguzi mkubwa ujao wa mwili lini. Vikidaiwa vyote ndani ya miezi 12, mnanunua bili. Tumeni fundi wenu aingize kamera ndani ya injini zote mbili na atazame kutu chini ya sakafu ya choo na ya jiko la chai, kwa sababu maji hujikusanya hapo.

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuongeza aina mpya ya ndege kwenye cheti chenu cha uendeshaji kunafuata mfumo uleule wa hatua 5 za kimataifa: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uchunguzi wa nyaraka, ukaguzi na safari za majaribio, kisha idhini. Wengi hukwama hatua ya tatu, kwa kuleta vitabu vya mwendeshaji wa zamani vikiwa na jina lake na njia zake. Andikeni vyenu wakati ndege bado iko kwa muuzaji, wapelekeni marubani na mafundi mafunzoni mapema, na kama mtakodi badala ya kununua, kwenye mkataba muweke kwamba kodi ya ndege inaanza kuhesabiwa baada ya idhini kutolewa. Mwenye ndege atapinga, lakini hata akikubali nusu ya kipindi hicho mtakuwa mmeokoa fedha nyingi.